Tonge la Mama Dorotea

Saa saba mchana mgahawa wa Agutu pale Igogo, Mwanza, huwa hauna kiti. Wachuuzi wa samaki, mafundi, makarani na watu wasio na kazi yoyote ila njaa, wote hujazana humo kwa wakati mmoja, na moshi wa jikoni hutokea dirisha lilelile linalopitishiwa sahani. Alhamisi moja binti mmoja wa duka la dawa, Selina, alikuwa amesimama mbele ya mhudumu akieleza chakula anachotaka, na maelezo yalikuwa marefu kuliko ilivyozoeleka mahali pale.

Alitaka sato wa kuchoma, mchicha usiotiwa karanga, kachumbari, ndimu, na parachichi kama lipo. Ugali asiletewe. Wali asiletewe. Maharage, chapati na soda navyo vibaki huko huko viliko.

"Sasa dada," mhudumu aliyeitwa Princess akamuuliza, "hapo utakuwa umekula au umeonja?"

Watu wa meza za karibu wakacheka, na Selina akacheka nao, maana alikwishazoea. Alikuwa na miaka ishirini na minane, mrefu, nywele amezikata fupi, amevaa gauni la kitenge cha kijani na koti jeupe la kazini amelikunja mkononi. Alipata nafasi kwenye meza ya kona, mkabala na mwanamume aliyevaa ovaroli ya bluu na, jambo la kushangaza katika joto lile, sweta zito la sufu. Sato alipokuja alikuja na ugali wake, kilima kizima, kwa sababu Princess hakuamini kwamba mtu mwenye akili zake angeukataa ukishafika mezani.

Selina akausogeza pembeni. Mwanamume yule akautazama, akamtazama mwenyewe, akautazama tena.

"Samahani dada. Huyu ana mwenyewe?"

"Hana. Ni yatima."

"Basi mimi nitamlea," akasema, na akanawa mikono mara ya pili kabisa ili aanze ulezi.

Aliitwa Luhende, fundi wa vyumba vya baridi kwenye viwanda vya samaki, na ndiyo maana ya sweta. Alitaka kujua kama Selina anaumwa. Selina akamweleza kwamba haumwi, ila anajihadhari: mama yake mzazi alikufa kwa kisukari, ukatangulia mguu kwanza, ukakatwa, na yeye mwenyewe miaka miwili iliyopita daktari alimwambia damu yake imeanza kuifuata njia ileile. Hapo ndipo alipoanza chakula wanachokiita paleo, kula kama watu walivyokula kabla ya kujua jembe. Nyama, samaki, mayai, majani, matunda, asali kidogo. Chochote cha kupurwa na kusagwa, hapana. Maziwa, sukari na jamii ya kunde, hapana. Viazi vitamu ruksa, kwa sababu vinatoka ardhini vikiwa tayari ni chakula.

Luhende alikuwa anafurahia maelezo hayo huku akimaliza ugali, mpaka Selina aliposhika sahani yake na kuizungusha, taratibu, kichwa cha samaki kikaelekea mlangoni. Luhende akaacha kutafuna. Tonge lilibaki mkononi mwake likipoa.

"Mbona umenyamaza?" Selina akauliza.

"Hiyo ya kugeuza kichwa. Umefundishwa na nani?"

"Sijui. Nimejikuta nafanya hivyo toka utotoni. Sipendi samaki anitazame."

"Kuna mtu alikuwa anafanya hivyohivyo," Luhende akasema, kisha akacheka kicheko kifupi na kuomba namba yake ya simu.

Mapenzi yakashika moto haraka kuliko Selina alivyopanga. Kila siku saa ya chakula walikutana kwa Agutu, akaagiza yeye, Luhende akala ugali wake. Princess akawa hawaulizi tena. Alileta sahani moja na kuigawa kati bila kusema neno. Jumapili Selina alipika chumbani kwake, hukohuko Igogo, mahali ambapo nyumba zimebanana na majabali na ziwa linaonekana kati ya bati na bati. Alikaanga sangara kwa mafuta ya nazi, akachemsha viazi vitamu, akakata parachichi na nyanya, na Luhende akaja amebeba hotipoti ya ugali kwapani, eti mgeni mstaarabu haji mikono mitupu.

Huko nje ndiko kulikokuwa na vita. Kwenye harusi ya rafiki yao kule Misungwi, Selina alichambua nyama kutoka kwenye pilau, punje baada ya punje, na shangazi wawili wakamtazama mpaka wakasahau kula cha kwao. Mmoja alisema ni mjamzito. Mwingine, ambaye alikuwa mzee zaidi, alisema kwa sauti ya chini kwamba amewahi kusikia juu ya watu wasiokula nafaka, na hakutaka kuendelea. Selina alilichukulia kama mzaha. Mimi ninayesimulia ningependa angeliuliza, lakini alikuwa na miaka ishirini na minane na alikuwa anapendwa, na mtu wa hali hiyo haulizi maswali ya namna hiyo.

Wakati huo simu za Luhende ndizo zilizokuwa zikimlaza na kumwamsha.

"Umekula nini asubuhi, mwindaji wangu?"

"Nimewinda mayai mawili."

"Yalikimbia?"

"Yalijaribu. Mmoja nimemkamata chini ya kabati."

"Nakupenda wewe na mayai yako," Luhende akasema siku moja, akaongeza kwamba mwisho wa mwezi angempeleka Magu akamwone mama.

Juu ya nyumbani kwao Luhende alikuwa amesema machache tu. Baba hayupo siku nyingi. Alikuwa na dada mmoja, Dorotea, aliyemzidi mwaka, akafariki akiwa na miaka ishirini, kwa homa ya siku moja. Hilo alilisema akiwa ametazama pembeni, na Selina, aliyemzika mama yake, alijua pa kuacha.

Walikwenda kwa pikapu ya kazini, Jumamosi, jua likiwa kali. Nyumba ilikuwa nje kidogo ya mji wa Magu, upande wa ziwani, katikati ya majaruba ya mpunga. Juu ya maji, mbali, wale wadudu wadogo wa ziwani walikuwa wamepanda angani kwa wingi wa kutisha, nguzo tatu nyeusi zilizosimama wima bila upepo kuzigusa. Luhende alizitazama sana. Alisema zilionekana hivyo hivyo siku ile ya homa ya Dorotea, na Selina akamshika mkono.

Mama yake, ambaye majirani wote walimwita Mama Dorotea, alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, kitambaa kichwani, Kiswahili chake kikiwa na lafudhi nzito ya Kisukuma. Selina alipiga goti, akamwamkia shikamoo. Mama akaitikia marahaba kwa uchangamfu wote, akamwita mwanangu, akampa kigoda. Chakula kikaandaliwa kwa heshima inayomstahili mchumba wa mtoto wa pekee aliyebaki: ugali wa mtama, majani makavu ya kunde yaliyoungwa kwa karanga, maziwa ya mgando ndani ya kibuyu, na samaki mmoja mkubwa wa kuchemsha.

Selina akaona aibu yote ya dunia ikimpanda shingoni. Alieleza kwa upole kadiri alivyoweza kwamba ana masharti ya chakula, na kwamba samaki peke yake atamtosha kabisa. Mama Dorotea akauliza kama hata ugali kidogo. Akajibiwa samahani mama. Akauliza maziwa. Samahani mama. Kisha Selina, akiwa amechanganyikiwa na asijue macho ayaweke wapi, akaigeuza sahani, na kichwa cha samaki kikautazama mlango.

Nje kuku mmoja alikuwa anaparua, na ilikuwa sauti pekee.

"Tangu lini huli vya kusagwa?" Mama akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa nyembamba.

"Miaka miwili, mama."

"Na huko nyuma ulikuwa wapi?"

Selina hakulielewa swali. Alijibu kwamba alikuwa Majita, kwao, kisha chuoni, kisha Mwanza. Mama alitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza jibu lingine kabisa. Akainuka kuongeza mchuzi, mkono ukamtetemeka, bakuli likapinduka, na gauni la Selina likaloa kifuani mpaka magotini. Luhende alikuwa ametoka kumsalimia jirani. Mama akaingia chumbani, akarudi na gauni la bluu lenye kola nyeupe, limenyooshwa na kukunjwa vizuri, likinuka sabuni mpya. Lilimkaa Selina mabegani na kiunoni utadhani fundi alimpima yeye.

Akiwa na gauni hilo alikwenda jikoni kusaidia vyombo. Alihitaji kisu cha kukwangulia masizi. Aliinua mkono, akapeleka vidole kwenye upenyo kati ya bati na ukuta, akakitoa. Kisu kilikuwepo. Nyumbani kwa bibi yake Majita kisu kilikaa hapohapo, na mkono wake ulikwenda wenyewe tu. Lakini alipogeuka alimkuta Mama Dorotea ameketi chini sakafuni, mikono yote miwili mdomoni, machozi yanamtiririka, na machoni mwake mlikuwa na furaha ambayo Selina aliiogopa kuliko angeogopa hasira.

Luhende akatokea mlangoni. Alimwona Selina ndani ya gauni lile, na uso wake ukapauka.

Njiani kurudi Mwanza Luhende aliendesha macho yakiwa barabarani tu. Selina aliuliza mara mbili amekosea wapi. Akajibiwa hakuna, nimechoka tu.

Kuanzia siku hiyo Luhende akawa hapokei simu. Selina alikwenda kwa Agutu siku nne mfululizo. Princess alileta sahani, akaigawa, na ugali ukapoa upande wa pili wa meza. Selina alituma ujumbe, ukasomwa, haukujibiwa. Akili yake ikaamua lile linaloamuliwa na kila mwanamke aliyeachwa baada ya kupelekwa ukweni: kwamba amekataliwa. Kwamba wamemwona ana maringo, anadharau ugali wa watu. Iliuma kuliko alivyotegemea, na usiku mmoja alilia mpaka akaukasirikia hata mguu wa marehemu mama yake.

Ila mama mkwe aliyemkataa alikuwa anampigia simu kila siku.

Ilianza Jumatatu, saa sita kamili mchana. Mama Dorotea alimsalimu, akamwita mwanangu, akauliza amekula nini. Selina, akiona labda hapo ndipo pa kurekebisha mambo, akamweleza: mayai, mchicha, kipande cha kiazi.

"Bado," Mama akasema, akakata.

Jumanne, saa sita kamili, ikawa hivyohivyo. Amekula nini. Samaki na tango. Bado. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Sauti haikuwa ya ugomvi hata kidogo. Ilikuwa ya mtu anayehesabu siku za mgonjwa. Selina akaanza kuiogopa saa sita. Akawa akiona jua limefika katikati ya mlango wa duka la dawa anaihamishia simu mfukoni, kisha mezani, kisha mfukoni tena, na bado aliipokea, kwa sababu ile ilikuwa kamba pekee iliyomfunga na Luhende.

Siku ya kumi na moja Mama alichelewa kukata.

"Mdogo wako amefika huko?"

"Mdogo wangu yupi, mama? Mimi sina mdogo."

"Luhende," Mama akasema taratibu, kama anavyokumbushwa mtoto aliyeamka usingizini. "Mdogo wako Luhende. Nimemwambia aache mambo yale. Hakujua. Na wewe hukujua, mwanangu, usijilaumu. Ukishakula ugali wa mkono wangu utakumbuka yote."

Selina aliiweka simu juu ya boksi la vidonge na kuikalia mbali. Mteja aliyekuwa anasubiri dawa ya kikohozi alimwuliza kama kuna msiba.

Alimfuata Luhende kazini. Alimngoja mlangoni pa chumba cha baridi, kwenye moshi mweupe unaotambaa sakafuni kila mlango unapofunguliwa, mpaka akatoka na sweta lake, nyusi zina chembe za barafu.

"Mama yako ananiita dada yako," akamwambia. "Nataka unieleze, na usinifiche kitu."

Luhende akakaa juu ya kreti tupu na kueleza. Dorotea alipozikwa, mama hakukubali. Homa ya siku moja haiui mtu mzima, alisema. Mganga mmoja, wa mbali, akamthibitishia: mtoto amechukuliwa, kilichozikwa ni gogo la mgomba, na mtoto yuko hai mahali, hajijui. Siku moja atarudi na sura iliyobadilika kidogo. Atatambulikana kwa kutokula chochote kilichopita kwenye jiwe la kusagia, kwa sababu wanaochukuliwa hulishwa majani na vya kuchoma tu. Siku atakapokula tonge la ugali kutoka mkono wa mama yake ndipo atakapojitambua.

"Amengoja miaka minane," Luhende akasema. "Analifua lile gauni kila mwezi. Halafu mimi mpumbavu nikamletea wewe."

"Na wewe unaamini?"

Luhende akaivuta mikono ya sweta mpaka ikafunika vidole.

"Dada naye alikuwa akimgeuza samaki kichwa, nikajiambia ni bahati tu. Kisu sikukiona, mama amenisimulia. Lakini nilipokuona mlangoni na gauni lile, Selina, mdomo wangu ulitaka kusema Doro. Toka siku hiyo nikikuwaza, namwaza na yeye. Naogopa kukushika mkono. Ndiyo maana sipokei simu. Nakupenda na naogopa, na sijui lipi limetangulia."

Selina alitamani kumpiga kofi na kumkumbatia. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisema kwamba kama ni tonge moja la ugali, basi atakwenda kulila, na wote watatu wataona yeye ni nani.

"Na damu yako?"

"Tonge moja haliniui. Hili linaniua."

Luhende akamshika hatimaye, kwa ncha za vidole, vikiwa baridi kama vyuma vyake. Akamwambia kuna jambo moja zaidi. Mama alipika ugali vibaya enzi zile, kila mara ulishika chini, na kila mara Dorotea alionja tonge la kwanza na kusema, "Umeunguza tena, mama." Hayo ndiyo maneno mama anayoyasubiri. Mganga alisema neno la kwanza atakalolisema akishakula litakuwa lile lililozoeleka mdomoni mwake.

"Ukiyasema," Luhende akasema, "mama yangu atakufa akiwa na furaha, na mimi nitakuwa mdogo wako mpaka siku ya mwisho. Usipoyasema, utakuwa umemzika Doro mara ya pili, mbele ya macho yake. Sikuombi lolote. Nimeona ujue."

Jumamosi iliyofuata wakawa Magu tena. Saa sita. Nguzo za wadudu zilikuwa zimesimama juu ya ziwa, sasa karibu na nchi kavu. Mama Dorotea alikuwa amefagia uwanja mpaka nje ya boma. Alimwambia Luhende abaki kwenye gari, hili ni la wanawake. Akamshika Selina mkono na kumwingiza jikoni.

Kulikuwa na vigoda vitatu. Mama akakaa kimoja, Selina kimoja, na cha tatu, kidogo, kilikuwa kando ya mlango, hakuna aliyekikalia. Sufuria ilikuwa motoni. Mama alisonga ugali bila haraka, kisha akauacha mwiko, akauacha moto, akaketi tu akimtazama Selina, mpaka harufu ikaanza kupanda. Ulikuwa unaungua. Mama alijua unaungua. Moshi ukawasha macho ya wote wawili, na hakuipua.

Alipoipua, alikata tonge toka chini kabisa, lenye ukoko mweusi, akaliviringisha kiganjani, akalichovya kwenye mchuzi wa samaki. Akanyoosha mkono. Mkono ule haukutetemeka safari hii.

Selina akafungua mdomo, akalishwa.

Miaka miwili. Utamu wa mtama ulimjia kwanza, akamkumbuka mama yake mwenyewe akiwa na miguu miwili, na karibu alie kwa hilo tu. Kisha ukaja uchungu wa masizi, mkali, ukamshika kooni. Mtu yeyote angesema. Mgeni asiye na adabu angesema, mtoto wa nyumbani angesema. Maneno yalikuwa mepesi ajabu, matatu tu, yalikuwa yamekwishapanga mstari juu ya ulimi wake, na macho ya mwanamke yule yalikuwa yanamwomba. Hakuwahi kuombwa hivyo na mtu yeyote. Akawaza, ninaweza kumpa. Ni kitu kidogo, mimi mama sina, yeye mtoto hana. Akamwaza Luhende kwenye gari, mikono juu ya usukani.

Akameza. Akaufumba mdomo na kuukaza, na hakusema neno.

Mama Dorotea alingoja. Kuku nje aliacha kuparua. Ikapita nusu dakika, labda zaidi, na Selina akauona uso ule mbele yake ukianza kuzimika, polepole, na akajichukia.

Ndipo Mama alipogeuza kichwa. Aligeuka ghafla, kama anavyogeuka mtu aliyeitwa, akatazama upande wa mlango, kwenye kile kigoda kidogo. Selina naye akatazama. Hapakuwa na kitu. Mama alikitazama muda, mabega yakamshuka, mikunjo ya paji la uso ikalegea mmoja mmoja. Akasema kitu kwa Kisukuma, sentensi moja, kwa sauti ya mzaha mzaha ambayo mama humjibu mtoto mtundu. Selina hakujua maana yake. Machozi yalimtoka Mama, lakini yalikuwa ya msibani sasa, yale ya kawaida, yanayotoka na kwisha.

Alipomrudia Selina alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza ameingia.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Selina, mama. Selina binti Yakobo, wa Majita."

"Mama yako yuko?"

"Amefariki, mama."

"Pole, mwanangu." Akainuka, akajipangusa uso kwa kanga, akafungua mtungi wa pembeni. Akatoa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa juani, akamjazia kwenye kitambaa safi. "Hivi je, unakula? Havijasagwa hivi."

"Hivi nakula, mama."

"Basi ungesema tangu mwanzo. Nyumba nzima imejaa viazi." Akalifunga fundo kwa nguvu. "Lile gauni usinirudishie. Nenda nalo, mkwe wangu."

Luhende alikuwa ameinamia usukani. Selina alipopanda na kufunga mlango, hakuinua uso. Aliwasha gari, akaendesha mpaka barabara kubwa, akasimama pembeni kwa sababu hakuwa anaona njia. Alikuwa analia kama mtoto, bila kujificha.

"Sikulaumu," akasema. "Ningekuwa mimi ningemhurumia vilevile. Nitakulinda siku zote. Nitakuwa mdogo wako mwema, dada."

"Dada? Luhende, mama ameniita mkwe. Amenipa matobolwa."

Akageuka, macho mekundu.

"Lakini umeyasema. Nimekusikia toka ndani ya gari. Umesema kwa sauti, ukacheka kidogo mwishoni. 'Umeunguza tena, mama.' Na mama akakujibu kwa Kisukuma kwamba kama umekua, upike mwenyewe. Ndivyo alivyokuwa akimjibu Doro siku zote."

Selina alikaa na fundo la viazi mapajani. Bado alikuwa na ladha ya masizi kooni.

"Mimi sikufungua mdomo," akasema.

Lori la pamba likapita, pikapu ikatikisika. Hakuna aliyetaka kugeuka kutazama nyuma, na wote wawili wakageuka. Nyumba ilionekana ndogo kule kwenye majaruba, moshi wa jiko umenyooka juu, na Mama Dorotea alikuwa anatoka mlangoni na vigoda viwili, chake na kile kidogo, kimoja kila mkono, akiviweka kivulini kimoja kando ya kingine.

Luhende akapeleka mkono wake kwenye mkono wa Selina, wote, kiganja kwa kiganja. Ulikuwa wa baridi, Selina akaushika mpaka ukapata moto. Baada ya muda Luhende akafungua fundo, akavunja kiazi, akala nusu na kumlisha nusu. Akauliza, kwa sauti iliyokwaruza, kama mwisho wa mwezi anaweza kutuma wazee Majita.

"Watume," Selina akasema. "Nami nitakula vyangu, utakula vyako. Ila siku ya harusi nataka kitu kimoja mezani kwetu, mbele ya kiti kitakachobaki wazi."

"Kitu gani?"

"Sahani ya ugali," akasema. "Na mwambie mama auunguze kidogo."